Uso wa Corolla: Miaka 59 ya Kubadilisha Taa

Kwenye yadi za magari Mombasa, anayetaka Corolla haanzi kuuliza injini. Anauliza: "Hii ni nyu shepu?" Dar es Salaam watasema nyu modo, lakini swali ni moja, na jibu lake hupandisha au kushusha bei kabla boneti haijafunguliwa. Zisimamishe mbili pamoja, ya uso wa zamani na ya uso mpya, utaona milango ni ile ile, paa ni lile lile, vioo ni vile vile. Kilichobadilika ni bampa, taa na sho, yaani ile griili ya mbele, vitu ambavyo fundi hodari anavifungua kwa asubuhi moja.

Watengenezaji wana sababu ya kugusa hapo tu. Mlango na paa hukandamizwa kutoka kwenye bamba la chuma kwa kalibu zenye uzito wa tani nyingi, na kuchonga kalibu mpya ni karibu sawa na kuanza gari jingine. Bampa ni plastiki, na taa siku hizi ni plastiki pia. Ndiyo maana viwanda vya Japani vilijiwekea mwendo wao zamani: gari jipya kila baada ya miaka minne au zaidi kidogo, na katikati ya safari lioshwe uso. Mara nyingi siku hiyo hiyo ya kuoshwa uso injini nayo huguswa, bila kelele nyingi. Corolla imepitia siku kama hizo mara nyingi kuliko magari mengi, na ukizifuatilia moja moja utaona kwamba aliyelazimisha mabadiliko ni nadra kuwa mchoraji. Alikuwa mshindani wa mtaa wa pili, au bei ya mafuta, au sheria ya moshi.

1961–1966: Funzo la Publica

Mwaka 1961 Toyota ilitoa gari dogo liitwalo Publica. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili, cc 697, ikipozwa kwa upepo, na bei ilikuwa yeni 389,000. Serikali ya Japani ilikuwa imeonyesha tangu miaka ya 1950 kwamba inatamani gari la wananchi, na hili lilikuwa jibu la Toyota: jepesi, gumu, halili mafuta. Lakini halikuuzika kama walivyotarajia. Halikuwa na redio, halikuwa na hita, halikuwa na urembo wowote wa kutaja. Mjapani wa miaka ile, aliyekuwa ndiyo kwanza anajinunulia televisheni na friji, hakutaka kuegesha mlangoni pake kitu kinachowatangazia majirani kwamba hapa pesa haikutosha. Mwaka 1963 Toyota iliongeza redio, hita na marembo ya kung'aa, ikaliita Deluxe, na mauzo yakapanda. Injini haikuwa imeongezwa chochote cha maana.

Mmoja wa waliolipata funzo hilo kwa uchungu alikuwa Tatsuo Hasegawa. Mzaliwa wa Tottori, alisomea uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alisanifu ndege ya kivita ya Ki-94 katika kampuni ya Tachikawa. Vita vilipokwisha Japani ilipigwa marufuku kutengeneza ndege, na wahandisi wake wa angani wakashuka chini kutafuta kazi. Hasegawa aliingia Toyota mwaka 1946. Alipokabidhiwa gari la kuifuata Publica, alikuja na kanuni ambayo bado inasimuliwa kiwandani: gari la familia lipate angalau alama 80 kwa 100 katika kila somo, yaani starehe, mwendo, bei, matumizi ya mafuta na sura. Likipata 100 kwenye injini na 40 kwenye viti, limefeli. Kisha akaongeza sharti la pili, kwamba 80 kila mahali nayo haitoshi. Pawe na masomo machache ambamo linavuka 90, ili mnunuzi apate cha kumwonyesha shemeji yake.

Gari hilo likaitwa Corolla, neno la Kilatini la taji la maua. Injini yake, iliyopewa jina la K, ililazwa upande kwa nyuzi 20 ili boneti iweze kushuka na uso uonekane mwembamba. Tangu siku ya kwanza basi, mchoraji na mtu wa injini walikuwa wakigombania nafasi ile ile ya sentimita chache chini ya bati.

1966–1970: Cc mia moja

Hasegawa alipanga injini ya cc 1,000. Upande wa pili Nissan nao walikuwa na gari lao, lililopewa jina la Sunny baada ya umma wa Wajapani kualikwa kupendekeza majina. Likatoka Aprili 1966, na injini ya cc 988. Toyota, ikijua kinachokuja, ikapandisha injini ya Corolla hadi cc 1,077 wakati kazi ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Wahandisi walilalamika, lakini watu wa mauzo walishinda. Novemba 1966 Corolla ikaanza kuuzwa kutoka kiwanda kipya cha Takaoka, mjini Toyota, kwa yeni 432,000, na tangazo lake lilijivunia cc mia moja za ziada, bila kumtaja jirani. Hakukuwa na haja ya kumtaja.

Cc mia moja ni nini? Ni chini ya nusu ya glasi ya chai. Lakini barabara kuu ya mwendo kasi ya Meishin, kati ya Nagoya na Kobe, ilikuwa imefunguliwa yote mwaka 1965, na wengi walitaka gari litakalofika kilomita 100 kwa saa bila kulia. Wajapani wenyewe waliuita mwaka 1966 mwaka wa kwanza wa gari la mtu binafsi.

Mwaka 1969 Corolla iliguswa uso, na kabla mwaka haujaisha injini ikapanda hadi cc 1,166. Nissan hawakulala. Januari 1970 walitoa Sunny mpya ya cc 1,200 kwa tangazo lililomwambia mnunuzi kwamba kuanzia sasa gari la jirani litaonekana dogo. Kila Mjapani alimjua jirani anayesemwa. Mei mwaka huo huo Corolla ya pili ikatoka, kubwa zaidi, na kufikia Septemba ilikuwa imeongezewa injini ya cc 1,400. Wakati huo hakuna aliyeuliza gari linakula mafuta kiasi gani, maana mafuta yalikuwa ya bei ya chini.

1973–1981: Mafuta na moshi

Oktoba 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilizuka, na ilipofika mapema 1974 bei ya pipa la mafuta ilikuwa imepanda karibu mara nne. Japani ilinunua karibu mafuta yake yote nje. Huku kwetu nako wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka amri iliyozuia magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri, na jinsi barabara ya Morogoro ilivyokuwa tupu kama siku ya Idi asubuhi.

Corolla ya tatu ilitoka Aprili 1974, katikati ya dhiki hiyo, na kwa bahati mbaya ilikuwa kubwa na nzito kuliko iliyotangulia, kwa sababu ilichorwa wakati wa neema. Iliyoiokoa ni dunia. Wamarekani waliokuwa wakiendesha magari marefu kama mashua walianza kutafuta kitu kidogo, na Toyota husema kwamba mwaka 1974 ndipo Corolla ilipokuwa gari linaloongoza kwa mauzo duniani.

Lakini mafuta yalikuwa nusu tu ya tatizo. Marekani ilikuwa imepitisha sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na Japani ikajiwekea zake ngazi kwa ngazi hadi ile ya 1978, iliyotaka oksidi za naitrojeni zisizidi gramu 0.25 kwa kila kilomita. Kwa miaka kadhaa wahandisi wa Toyota hawakuwa na muda wa sura. Walikuwa wakihangaika na katalitiki za ekzosi, na vyumba vya kuchomea mafuta vyenye mchanganyiko hafifu wa petroli, na kabureta zenye mipira mingi ya vakiyumu kuliko mishipa ya mkono wa mzee. Fundi yeyote wa Grogan, Nairobi, aliyefungua injini za kipindi kile anajua ninachosema. Ukilitazama gari la miaka hiyo kwa nje unaona uso usiobadilika sana, ukafikiri watu walikuwa wamelala. Walikuwa wamejifungia na moshi.

Corolla ya nne, ambayo huku iliitwa kwa namba yake tu, KE70, ilitoka Machi 1979, na mwaka huo huo mapinduzi ya Iran yakapandisha mafuta tena. Ilikuwa na uso wima, mraba kama kabati. Agosti 1981 ikavalishwa pua iliyoinama. Mtu angedhani ni mitindo, na ilikuwa mitindo kweli, lakini upepo ni mlaji mkubwa wa petroli, na kila mtengenezaji wa miaka ile alikuwa akilaza pua za magari yake. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza kuosha uso na kupunguza kula vilipoanza kuwa kazi moja.

1983–1991: Miaka ya neema

Kipindi hiki nakipita upesi ingawa kilileta badiliko kubwa la kiufundi. Mwaka 1983 Corolla nyingi zilihamisha nguvu kutoka magurudumu ya nyuma kwenda ya mbele. Injini ilikaa kwa upana, propela shafti ikaondoka, gari likapungua uzito na nafasi ya miguu ikaongezeka. Mwaka 1987 likaja toleo ambalo Nairobi lilijulikana kama DX, na ndani yake injini za kamshafti mbili na vali 16 zilishuka kutoka magari ya vijana wa mbio hadi magari ya baba wa familia. Mwaka 1990 Japani peke yake ilinunua Corolla kiasi cha 300,000.

Ilikuwa miaka ya fedha nyingi. Bei za ardhi Tokyo zilikuwa hazisemeki, na Corolla ya 1991, ile tunayoiita 100, ilichorwa na watu walioamini kwamba pesa haitakwisha. Funga mlango wa 100 iliyotunzwa usikilize mlio wake: ni mlio mzito wa gari la waziri. Dashibodi yake laini, bati lake zito, rangi yake haichakai haraka. Wengi husema ndiyo Corolla bora kuliko zote, nami sina ugomvi nao. Lakini ilipoingia dukani soko la hisa la Tokyo lilikuwa limekwisha anguka, na mnunuzi aliyechorewa gari lile alikuwa amefilisika.

1995–2000: Macho ya chura

Corolla ya 1995, yaani 110, ni mtoto wa mwaka wa njaa. Toyota ilichukua sakafu ya 100 na kuipunguza kila ilipowezekana. Matoleo mengine yalipungua hadi kilo 50, na ya bei ya chini yalitoka na bampa nyeusi zisizopakwa rangi. Kwa upande wa mafuta ilikuwa heri, maana gari jepesi halili sana. Lakini Wajapani waliona wamepunjwa, na mwaka 1997 kampuni ikarudi kuosha uso: sho na bampa za hadhi zaidi, mifuko ya hewa kwa dereva na abiria, breki za ABS. Ilikuwa Publica na Deluxe yake tena, miaka 34 baadaye.

Ulaya kisa kilikuwa kingine. Huko Corolla ilikuwa na sifa ya kutoharibika na sifa ya kuchosha macho. Toyota ikaamua kuipa 110 ya Ulaya uso wake peke yake, na mwaka 1997 ikatokea na taa mbili za mviringo zilizotumbua kama macho ya chura, na sho ya matundu kama sega la nyuki. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza pichani nikadhani ni gari lililofungwa taa za pikipiki. Mashindanoni ilipendeza: Carlos Sainz alishinda rali ya Monte Carlo mwaka 1998 akiwa na Corolla ya uso huo, na mwaka 1999 Toyota ikatwaa ubingwa wa watengenezaji. Lakini baba wa familia wa Birmingham hanunui gari la mashindano. Anataka kitu ambacho mkewe hatakionea haya mbele ya shule.

Wakati watu wanabishana kuhusu macho, Brussels walikuwa wakiandika sheria. Kiwango cha moshi kiitwacho Euro 3 kilipangwa kuanza Januari 2000. Juu yake, mwaka 1999 chama cha watengenezaji magari cha Japani kiliahidi kwamba kufikia 2009 magari yao mapya Ulaya yatatoa kwa wastani gramu 140 tu za kaboni dayoksaidi kwa kilomita. Kaboni dayoksaidi haina kichujio. Njia ya kuipunguza ni kuchoma mafuta kidogo.

Basi mwishoni mwa 1999 Toyota ikafanya kazi mbili kwa pigo moja. Macho ya chura yakang'olewa, mahali pake pakawekwa taa pana za kioo angavu, sho ikatulia, gari likaonekana la watu wazima. Ndani ya boneti kukaingia injini mpya kabisa za familia ya ZZ, zilizotengenezwa Deeside, Wales ya Kaskazini. Ya zamani ya cc 1,332 ilikuwa na nguvu farasi 86, na mrithi wake wa cc 1,398 akaja na 97. Ya 1,600 ilibaki na zile zile 110, ila bloku yake sasa ilikuwa ya aluminiamu badala ya chuma cha kusubu, na ilikula kidogo. Upande wa dizeli tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kutoka farasi 72 hadi 90 kwa ukubwa ule ule wa lita mbili.

Siri iliyobeba injini hizi za petroli ni herufi ambazo leo kila utingo anazijua, VVT-i. Injini huvuta hewa kupitia vali, na vali hufunguliwa na kamshafti. Katika injini za kale wakati wa kufungua ni mmoja tu, liwe gari limesimama kwenye foleni au linapanda mlima. Ni kama kuadhini kwa saa ya ukutani mwaka mzima. VVT-i ni muadhini anayelitazama jua. Kichwani mwa kamshafti hufungwa kikombe chenye vyumba vidogo ndani, kompyuta huruhusu oili ya injini iingie chumba hiki au kile, na msukumo wa oili huizungusha kamshafti kidogo mbele au nyuma. Vali zikawahi au zikachelewa kulingana na kazi iliyopo. Hakuna cha ajabu zaidi ya oili na tundu dogo, na ndiyo sababu injini ya VVT-i iliyonyimwa oili safi huwa ya kwanza kulalamika.

Kwa macho yangu, hiyo ndiyo siku muhimu kuliko zote katika historia ya uso wa Corolla. Magazeti ya magari yaliandika kuhusu taa.

2000–2012: NZE na jamaa zake

Agosti 2000 Japani ikapata Corolla mpya kabisa. Injini yake ya cc 1,497 iliitwa 1NZ-FE, na namba ya bodi ikaanza na NZE: NZ ya injini, E ya ukoo wa Corolla. Wakenya wakalichukua hilo likawa jina la gari. Lilibadilishwa taa mwaka 2004, na hata leo muuzaji atakutajia NZE ya kabla na ya baada.

Injini ya 5A iliyotangulia ilikuwa na cc karibu zile zile na farasi 100. Hii ilitoa 110 hivi, ikatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na ikala kidogo. Kisha Toyota ikaipachika karibu kila mahali: Vitz, IST, Probox, Raum, Allion, na ndugu yake mmoja alikuwa tayari kwenye Prius. Ndiyo maana leo ukiwa Gerezani, Dar es Salaam, au Kisekka, Kampala, huulizi kama spea ya 1NZ ipo. Unauliza bei.

Mwaka 2006 Corolla ya Japani iligawana njia na ya dunia, ikaitwa Axio, na ile yenye buti refu ikaendelea kuitwa Fielder. Mwaka 2012 likafanyika jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea: Corolla ilisinyaa. Axio mpya ilijengwa juu ya sakafu ya ukoo wa Vitz na kupungua urefu kwa milimita 50, hadi 4,360. Ilitengenezwa Miyagi, mkoa uliopigwa na tsunami ya Machi 2011, sehemu ya juhudi za kuinua uchumi wa kule. Agosti 2013 ikaongezewa haibridi. Injini ya kawaida ya 1,500, hata hivyo, ilikuwa bado 1NZ ile ile ya mwaka 2000.

2015: Uso mpya, namba ya zamani

Aprili 2015 ndipo Axio na Fielder zilipooshwa uso kwa ule mwonekano ambao yadi zetu zinauita nyu shepu. Mdomo wa chini ukapanuka, taa zikanyooka kuelekea alama ya katikati, breki za kujifunga zenyewe zikaongezwa kwenye orodha. Na injini ikabadilika: 2NR-FKE.

Hii ilikuwa na hila mpya. Vali za kuingiza hewa hucheleweshwa kufungwa, pistoni ikianza kupanda hurudisha nje sehemu ya hewa iliyovuta, halafu kinachobaki hubanwa kwa nguvu sana, uwiano wa 13.5 kwa 1. Moto ukiwaka, pistoni husukumwa kwa mwendo mrefu kuliko ule iliotumia kubana. Moshi uliopozwa hurudishwa kidogo ndani ili joto lisipande mno, na injini hujizima kwenye taa nyekundu. Toyota ilisema ufanisi wa juu kabisa unafika asilimia 38. Kwa lugha ya dukani, injini ikiwa katika hali yake bora, katika kila shilingi mia ya petroli 38 zinasukuma gari, nyingine zinatoka kwa ekzosi na rejeta. Zikionekana chache, ujue kwamba injini nyingi zilizotangulia hazikufika hapo. Kipimo cha maabara cha Japani kilitoa kilomita 23.4 kwa lita. Kwenye foleni ya Daraja la Nyali, kiyoyozi kikiwa wazi, usizitafute hizo.

Kwa nini uso huo ulitufikia kwa wingi miaka saba au minane baadaye? Japani hukagua gari jipya baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo humfanya mwenye gari alitoe mapema. Kenya nayo hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingia. Wafanyabiashara hununua la mwisho kabisa linaloruhusiwa, kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Kwa hiyo gari lililooshwa uso Miyagi mwaka 2015 lilijaa Mombasa kuanzia 2022.

Ila kuna jambo matangazo hayakulisema kwa sauti. Injini mpya iliwekwa kwenye magari ya 1,500 ya giaboksi ya CVT yanayovutwa na magurudumu ya mbele tu. Yale ya giaboksi ya mkono, na yale ya kuvuta magurudumu yote manne yanayopendwa kwenye theluji, yalipewa uso mpya yakaachiwa 1NZ. Miaka saba baadaye, mwaka 2022, kwenye Corolla iliyofuata, mambo yakageuka: Japani ilibadilisha injini ya lita 1.8 kwa ya silinda tatu ya 1.5, na uso ukabaki karibu vile vile. Axio na Fielder zenyewe ziliendelea kutengenezwa kando kwa ajili ya kampuni na madereva wa kazi, hadi Toyota ilipozihitimisha mwaka 2025.

Mwaka juzi nilimsindikiza ami yangu kwenye yadi moja hapa Mombasa. Alikuwa amependa Fielder nyeupe. Kijana wa pale alimfungulia mlango kwa adabu zote.

"Mzee wangu, hii ni nyu shepu. Haili mafuta hii."

Fundi tuliyekwenda naye hakusema neno. Alitandaza gazeti, akalala chali, akaingiza kichwa chini ya bampa ya nyuma. Akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa anapangusa vumbi kwenye viwiko.

"Ina difu nyuma," akasema. "Hii ni foo-wili. Naomba karatasi zake."

Kijana akazileta. Fundi akaweka kidole chini ya namba ya bodi, akamsogezea ami: NZE164.

"Na ubaya wake nini?" ami akauliza.

"Haina ubaya, mzee. Injini hii ni ngumu na spea zake ziko kila duka. Lakini ingekuwa na ile injini mpya ingeandikwa NRE, na hiyo bei unayotajiwa ni ya NRE."

Ami akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. Kisha akamgeukia kijana.

"Haya mwanangu. Tuanze bei upya."